Baraka Imo Chunguni: Maneno juu ya Iktisadi ya Nyumba

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku kila kiumbe, wa nchi kavu na wa majini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeshinda na njaa akasubiri, akapata chakula akashukuru, na ziwafikie jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu wa Garsen, na wa Hola na Kipini, na wote wakaao kando ya mto wa Tana, na nanyi wa miji ya pwani mnaousoma waraka huu: safari hii tumekusudia kusema juu ya chungu, na jiko, na kibaba cha mchele. Huenda mtu akauliza, masheikh na chungu wapi na wapi? Twamjibu kwamba dini yetu haikuacha kitu cha mwanadamu pasi na adabu yake. Imetufundisha namna ya kuingia chooni, basi itaachaje kutufundisha namna ya kula? Na mwenye kuvifungua vitabu vya Hadithi ataona mlango mzima wa vyakula, umekaa pamoja na mlango wa Sala na mlango wa Zaka.

Asili ya jambo hili imo katika Qur'ani. Katika Suratul-A'raf aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamuru tule na tunywe, kisha akatukataza tusipite kiasi, na akatujulisha kuwa Yeye hawapendi wapitao kiasi. Katika Suratul-Israa aya ya 27, wabadhirifu wameitwa ndugu wa mashetani, na hilo ni jina ambalo Mwislamu yeyote hataki kuitwa. Lakini aya mbili baadaye, katika sura hiyo hiyo, tumekatazwa pia tusiufunge mkono shingoni, yaani tusiwe mabakhili. Na katika Suratul-Furqan aya ya 67 wamesifiwa waja wa Mwingi wa Rehema kuwa wakitoa hawafanyi fujo wala hawabani, bali husimama baina ya mambo hayo mawili. Kusimama huko katikati ndiko kunakoitwa iktisadi. Basi iktisadi si ufukara, wala si ubakhili, wala si aibu. Ni sifa ya watu wema, na tajiri ameamrishwa nayo kama alivyoamrishwa maskini.

Na ikiwa yuko mtu ambaye nchi yake yenyewe imemfundisha iktisadi kabla ya kuisoma chuoni, basi ni mtu wa Tana. Mto huu, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, wapata kilomita 1,000 toka milimani hata baharini Kipini, na tabia yake ni kutoa na kutwaa. Maji yakipanda kwa kiasi, huacha udongo mweusi wenye rutuba, na Mpokomo akapanda mpunga na mahindi na ndizi. Yakipita kiasi, huchukua shamba na nyumba pamoja. Wazee wanayakumbuka mafuriko ya 1961. Waliowafuatia wanayakumbuka ya 1997 na 1998, yaliyoyavunja matuta ya mradi mkubwa wa mpunga wa Serikali katika nchi ya Garsen. Na vijana wameyaona wenyewe ya 2018, na ya 2023, na ya 2024, watu wakahama kwa mitumbwi na barabara zikakatika. Na baina ya mafuriko ikaja kiangazi: tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 ilipita misimu mitano mfululizo pasi na mvua ya kutosha, mifugo mingi ikafa, na Mworma aliyekuwa akiuza maziwa akawa anatafuta unga.

Hali hii haikutupata sisi wa kwanza. Misri nayo ni nchi ya mto, na Mwenyezi Mungu ametusimulia khabari yake katika Suratu Yusuf. Nabii Yusuf (A.S.) hakuwaambia watu wa Misri wakae waombe tu, ingawa yeye mwenyewe ni Mtume. Aliwaambia walime miaka saba kwa bidii, na watakachovuna wakiache katika mashuke yake ila kidogo watakachokula, kisha wakile katika miaka saba ya shida, na hata hapo wabakishe kidogo. Tazameni, ndugu zetu, mambo matatu katika maneno hayo. La kwanza, akiba huwekwa wakati wa neema, kwani wakati wa shida hakuna cha kuweka. La pili, akiba ina elimu yake: nafaka huachwa katika mashuke ili isiharibike. La tatu, hata katika njaa mtu hali mpaka punje ya mwisho, kwani ya mwisho ni mbegu. Wamisri walipewa khabari ya mwaka wa shida kwa ndoto ya mfalme. Sisi hatukupewa ndoto, lakini tumepewa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mafuriko matano yamtosha mwenye akili.

Wazee wetu walilijua hili. Mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya meko, moshi ukayafukuza wadudu. Samaki aliyezidi alipasuliwa akafanywa ng'onda, na kambare akakaushwa kwa moshi. Maziwa yaliyozidi yaligandishwa, au yakasukwa yakatoa samli. Maembe, ambayo katika nchi hii huiva yote kwa pamoja, yakaoza chini ya miti na nzi wakayafurahia, walikuwa wakiyachuma machanga, wakayamenya, wakayakata vipande, wakayatia chumvi na kuyaanika juani. Embe kavu hiyo ilitosha kuutia ukali mchuzi wa samaki muda mrefu baada ya msimu kupita. Leo embe zaoza uani, na mwenye uani huo huo atuma mtoto dukani kununua kikopo cha achari kilichotoka mbali. Je, huku si kuikufuru neema?

Na tuingie sasa jikoni kwenyewe, tuseme wazi, kwani maneno ya juu juu hayaivishi chungu. Mama wa nyumba ambaye huroweka kunde au pojo tangu usiku, apikapo asubuhi hutumia kuni chache kuliko yule azitiaye kavu motoni. Mwenye kufunika chungu chake huokoa makaa. Mwenye kununua nazi moja akaikuna vizuri, akakamua tui zito akaliweka kando, kisha akakamua tui jepesi la pili akapikia mboga, na tui zito akalitia mwisho, amepata ladha ya nazi mbili kwa bei ya moja. Majani ya kunde, na matembele, na kisamvu, na mchicha uotao wenyewe kando ya mto, ni vitoweo alivyovileta Mwenyezi Mungu mlangoni, nasi twavidharau kwa kuwa si nyama. Kisamvu kichemshwe sana, kwani kibichi kina madhara. Ukoko wa wali si wa kutupiwa kuku maadamu mna mtoto nyumbani ambaye huugombania. Na sima iliyobaki usiku ndiyo chakula cha asubuhi kwa chai au kwa maziwa.

Mtume wetu (S.A.W.) siku moja aliwauliza watu wa nyumba yake kitoweo, wakamwambia hapana ila siki. Akaitaka ile siki, akala mkate nayo, huku akiisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Amelipokea hilo Imam Muslim kutoka kwa Jabir. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba yeye hakupata kukitia chakula aibu hata mara moja: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Hapa twasema na waume. Mara nyingi mke hutaka kuishi kwa kiasi, lakini mume akiona mboga ya majani hupiga sahani kofi na kuuliza, "Nyama i wapi?" Basi mke naye, kwa kuogopa ghadhabu au kwa kuogopa kuachwa, huenda kukopa dukani jina likaandikwa daftarini. Mume kama huyu anavunja nyumba yake kwa ulimi, kisha mwisho wa mwezi ashangaa deni limetoka wapi. Mke apikaye vizuri kwa kidogo alichopewa astahiki kusifiwa, na kumsifu ni katika Sunna.

Kisha tuje kwenye mwiku. Mtume (S.A.W.) ameamuru, katika Hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe, lisiachiwe Shetani. Na akaamuru sahani ifutwe, kwani mtu hajui baraka imo katika sehemu gani ya chakula chake. Sasa tufanye hesabu. Tuseme nyumba moja hutupa robo ya kibaba cha chakula kila siku: tonge mbili za mtoto, wali uliogandana na sufuria, kipande cha mkate. Siku nne zimekamilisha kibaba. Siku kumi na sita zimekamilisha vibaba vinne, na hivyo ni pishi. Kwa mwaka mzima ni pishi 22 na zaidi. Na pishi moja ndiyo tuitoayo kwa kila kichwa katika Zakatul-Fitri. Basi nyumba hiyo, pasi na kujua, imetupa jaani fitri za watu 22, na siku ya mwezi kuandama mwenye nyumba alalamika kuwa fitri ya watoto wake watano imekuwa nzito. Husemwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nasi twasema, haba na haba pia hukimwaga.

Lakini tusifahamiwe vibaya. Iktisadi ina mipaka, na kuuhifadhi mwili ni wajibu. Mahindi yaliyolowa maji ya mafuriko yakaota ukungu si akiba, ni sumu. Mwaka 2004 katika nchi za Ukambani watu walikula mahindi yaliyoingia sumukuvu, na waliokufa walikuwa 125. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Basi nafaka ikaushwe vizuri kabla ya kuwekwa, iinuliwe juu ya sakafu, na iliyooza itupwe pasi na huruma. Wali wa mwiku nao usiachwe usiku kucha katika sufuria ya moto iliyofunikwa. Utandazwe upoe upesi, ufunikwe mahali pa baridi, na asubuhi upashwe moto mpaka ufuke. Na maji ya mto wakati wa mafuriko yachemshwe kabla ya kunywewa, kwani senti mtu aliyoiokoa katika kuni ataitoa mara mia kwa daktari wa kipindupindu. Wala si iktisadi mtu kuwanyima mke na watoto haki yao ya chakula hali anacho, kisha akala nyama ya kuchoma hotelini peke yake. Huyo ni dhalimu.

Hata maji yenyewe yana kiasi. Imethubutu katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi, nayo ni robo ya pishi, na akioga kwa pishi mpaka mudi tano. Iko pia Hadithi katika Ibn Majah inayokataza fujo katika udhu hata kwa mwenye kukaa penye mto unaokwenda. Isnadi yake imesemwa na wanavyuoni, lakini maana yake yaafikiana na yaliyothubutu. Basi sisi tulio na mto kweli kweli tusijione tumesamehewa.

Na tunda kubwa la iktisadi ni kupata cha kumpa jirani. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke majirani zake. Tazameni hekima hii: hakumwambia achinje mbuzi wa pili, alimwambia azidishe maji. Na Bibi Aisha (R.A.) alimsimulia Urwa, mwana wa dada yake, kwamba ilikuwa ikiandama miezi mitatu pasi na moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, chakula chao kikawa tende na maji, ila majirani wa Kiansari waliokuwa na wanyama wa maziwa wakiwapelekea maziwa. Khabari hii yatuhusu sisi khasa. Hapa Garsen Mworma ana maziwa na Mpokomo ana mahindi na ndizi, na tangu zamani mmoja hakuweza kushiba pasi na mwenzake. Mwaka 2012 fitina ya malisho na mashamba ilimwaga damu ya wanaume, wanawake na watoto katika nchi hii, na makaburi yao tunayajua. Hatusemi kwamba bakuli moja la maziwa lamaliza ugomvi wa ardhi. Twasema kwamba mtu ambaye jana alikula mchuzi wako ni vigumu kwake kuiendea nyumba yako usiku kwa moto. Na imekuja katika Hadithi sahihi kwamba chakula cha wawili chawatosha watatu, na cha watatu chawatosha wanne.

Sasa tuseme lile linalotuuma zaidi. Twaweza kuokoa makaa na tui mwaka mzima, kisha tukaitoa akiba yote kwa siku moja, kwa sababu mapengo makubwa ya mifuko yetu hayako chunguni. Yako katika mambo matatu: futari, arusi, na matanga.

Ramadhani ni mwezi wa kujinyima, nasi tumeufanya mwezi wa gharama. Pale ambapo uji na tende na kitu kimoja cha kushiba vingetosha, twataka sambusa, na mahamri, na viazi, na vitamu vya namna tatu, na nusu yake huamkia jaani. Arusi nayo, walima ni Sunna, lakini Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha na chakula kibaya kabisa, nacho ni chakula cha walima waalikwao matajiri na wakaachwa maskini. Na siku hizi limeongezeka balaa jingine: mtu akopa kwa simu yake, mkopo wenye nyongeza, ili watu wale pilau. Deni la nyongeza ni riba, na riba twaijua hukumu yake.

Ama matanga, hapo pana jambo zito. Mtu hufa akaacha mjane na mayatima, na ng'ombe watatu, na magunia mawili ya mpunga. Siku ya tatu achinjwa ng'ombe mmoja, siku ya saba wa pili, siku ya arubaini wa tatu, na mpunga umekwisha. Watu hula, husoma, huomba dua, hurudi makwao wameshiba. Siku ya arubaini na moja mjane aamka na watoto wanalia, wala hapana aulizaye. Mtume (S.A.W.) alipofikiwa na khabari ya kufa Jaafar bin Abi Talib, aliamuru watu wapeleke chakula kwa jamaa zake, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi tumeipindua Sunna: waliofiwa ndio wapikao, na waliosalimika ndio walao. Jarir bin Abdillahi (R.A.), naye ni Sahaba, amesimulia kwamba wao walikuwa wakikuhesabu kukusanyika kwa watu wa maiti na kufanyiwa chakula baada ya maziko kuwa ni katika kuomboleza kulikokatazwa. Na tusiambiwe kuwa haya ni maneno mapya ya watu wapya. Sisi sote ni Mashafii, na Ibn Hajar katika Tuhfa, kitabu kisomeshwacho na masheikh wetu, amesema wazi kuwa desturi hii ni bidaa yenye kuchukiwa.

Hiyo ni hukumu ya chakula kilichotolewa na mtu mzima kwa mali yake. Ama kikitolewa katika mali ya yatima, jambo limetoka katika karaha limeingia katika haramu. Katika Suratun-Nisaa aya ya 10, Mwenyezi Mungu amewaambia walao mali ya mayatima kwa dhuluma kuwa wanakula moto matumboni mwao. Basi wewe uketiye kwenye sinia siku ya saba, uliza kwanza: ng'ombe huyu ni wa nani?

Atasema msemaji, "Twataka thawabu zimfikie maiti wetu." Twamwambia, njia ya thawabu ipo: mlipieni deni lake, mwombeeni dua, toeni sadaka katika mali zenu nyinyi, msomesheni mtoto wake. Ng'ombe akibaki zizini akamnyonyesha yatima, maziwa yale ni heri kwa maiti kuliko pilau ya walioshiba. Mtume (S.A.W.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba kuwaacha warithi wake na mali ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakinyosha mikono kwa watu. Atasema mwingine, "Watu watasema nini?" Twamwambia, watu watasema siku tatu, na yatima atasema siku ya Kiyama.

Basi, ndugu zetu, twawausia haya. Kila mtaa uwe na zamu: kukifa mtu, nyumba saba za jirani zipeleke chakula cha kutosha jamaa wa maiti kwa siku zao tatu za tanzia, na wageni wa mbali tu ndio walishwe. Wazee na maimamu wawe wa kwanza kukataa kula katika mali ya mayatima, kwani watu huwafuata wao. Kila nyumba iweke kibaba kimoja cha akiba katika kila pishi, na mbegu isiguswe. Na wenye uwezo waanze wao kuishi kwa kiasi. Sayyidna Umar (R.A.), katika mwaka wa Ramada, nao ni mwaka wa 18 wa Hijra, alijizuia na samli na nyama mpaka watu walipopata, hali yeye alikuwa Khalifa na hazina mkononi mwake. Tajiri akianza, maskini hataona haya. Tajiri akifanya fahari, maskini atakopa ili amwige.

Mwisho wa Suratut-Takathur, Mwenyezi Mungu ametuambia kuwa siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Tutaulizwa juu ya mto, na embe, na maziwa, na kibaba. Twamwomba Mola atupe riziki ya halali yenye kutosha, atupe mikono isiyofunga wala isiyomwaga, atuhifadhie mayatima wetu, na atujaalie maji ya mto huu yawe ya rehema, yasiwe ya adhabu. Amin.

Wabillahit-tawfiq.